Utrasaundi mbili, majibu mawili: mrija wa nyongo wa mama umeziba?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, tunaishi Mbagala. Hii ni wiki ya tatu macho yake ni ya njano, mkojo umekuwa mweusi kama soda, na usiku halali kwa kujikuna. Maumivu yapo kidogo upande wa kulia chini ya mbavu, si ya kumlaza. Alianzia duka la dawa akapewa dawa ya malaria, baadaye akapimwa homa ya ini B na C, hana. Siku ya tano hivi tulipiga utrasaundi, wakaandika kila kitu kawaida isipokuwa mawe madogo kwenye mfuko wa nyongo. Wiki mbili baadaye tukapiga kwingine, wakaandika mrija wa nyongo umetanuka, milimita 11, ila jiwe halikuonekana kwenye mrija, na sehemu ya chini ya mrija pamoja na kongosho hazikuonekana vizuri kwa sababu ya gesi. Daktari anataka apigwe MRI na bei yake imetuzidi kimo. Nani mwongo kati ya hao wawili? Tukirudia utrasaundi mara ya tatu haitatosha? Na jirani anasisitiza kwamba mafuta ya zeituni na malimao yanatoa mawe yote."

Marahaba, na pole kwa kumuuguza mama. Nianze na hilo la mwongo lisije likakukalia moyoni: sidhani kama kuna aliyewadanganya. Inawezekana kabisa kila mmoja aliandika alichokiona siku ile, na mwili wa mama ndio uliobadilika katikati. Ninyi mlikuwa mnaiuliza utrasaundi "jiwe liko wapi?", na yenyewe ni hodari zaidi wa kujibu swali jingine: "nyongo inapita au imekwama?" Hilo limeshajibiwa. Milimita 11 kwa mama ambaye bado ana mfuko wake wa nyongo, macho ni ya njano na anajikuna usiku kucha, maana yake nyongo imekwama hadi ithibitike vinginevyo. Kilichobaki ni kujua imekwama wapi, na kwa sababu gani.

Kabla sijafika kwenye mashine, tuelewane kuhusu njano yenyewe. Kwetu mtu macho yakibadilika husemwa "ana nyongo", au malaria imekuwa sugu, na wengine huita homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa wa virusi unaoletwa na mbu. Njano hii ni rangi ya taka. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, ikichakaa inavunjwa, na katika mabaki yake hutoka kitu kiitwacho bilirubini. Ini huichukua bilirubini hiyo, huitia ndani ya nyongo, na kuimwaga nyongo kwenye utumbo mwembamba kupitia mrija ambao kwa kawaida ni mwembamba kuliko penseli ya shule. Kwa siku hupita humo nusu lita mpaka karibu lita nzima. Mfuko wa nyongo ni ghala la pembeni tu, la kuhifadhi nyongo mpaka mtu atakapokula.

Kwa hiyo mtu anaweza kugeuka njano kwa njia tatu. Chembe za damu zinaweza kuvunjika kupita kiasi, kama kwenye malaria kali au kwa wenye selimundu, sikoseli kama wengi tunavyoiita. Ini lenyewe linaweza kuumwa, kwa virusi, pombe au dawa. Na bomba linaweza kuziba huku ini likiwa bado linafanya kazi yake. Hapo bilirubini hurudi kwenye damu, figo zinajaribu kuitoa, mkojo unakuwa mweusi, na kinyesi kinakosa rangi kwa sababu nyongo haifiki utumboni. Hujaniandikia rangi ya choo cha mama. Muulize bila aibu. Kikiwa cheupe kama majivu au udongo wa kufinyangia, na kinang'ang'ania kwenye sinki kwa mafuta, hiyo ni dalili nzito kuliko hata rangi ya macho.

Sasa mashine. Watu wengi bado wanadhani utrasaundi ni ya wajawazito, na kuna wazee wanaoiogopa mionzi yake. Haina mionzi. Ni sauti, kali kupita masikio yetu: sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, na kile kifaa tunachokipitisha tumboni hutoa kati ya milioni 2 na milioni 5. Sauti inaingia, inagonga viungo, mwangwi unarudi, kompyuta inachora. Kimiminika hakirudishi mwangwi, kwa hiyo nyongo huonekana nyeusi. Jiwe hurudisha karibu kila kitu, huonekana jeupe na nyuma yake linaacha kivuli cheusi, kama nguzo ya umeme inavyolaza kivuli barabarani. Hewa ndiyo adui. Sauti ikikutana na gesi haipiti, na kilicho nyuma ya gesi hatukioni hata tubonyeze vipi. Ile jeli ya baridi wanayompaka ni ya kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi. Iliyomo ndani ya utumbo hatuna jeli yake.

Ninyi ni watu wa Mbagala, basi nitumie Barabara ya Kilwa. Umesimama Rangi Tatu asubuhi, unaona foleni imefika mpaka hapo ulipo na haisogei. Unajua kwa uhakika kwamba mbele kuna kitu. Hujui kama ni lori limekatika ekseli pale Mtongani au ni ajali ya Uhasibu, kwa sababu kutoka ulipo huoni huko. Foleni ndiyo kutanuka kwa mrija: nyongo inajaa nyuma ya kizuizi na mrija unavimba kuelekea kwenye ini. Utrasaundi inaiona foleni vizuri sana. Kilichoisababisha mara nyingi kiko mbali, chini, kule mrija unapopita nyuma ya utumbo na kupenya kichwa cha kongosho kabla ya kumwaga nyongo. Na huko ndiko gesi inakopenda kukaa.

Mfano huohuo unaieleza karatasi yenu ya kwanza. Lori likiharibika Mtongani saa 12 asubuhi, anayepita Rangi Tatu saa 12 na dakika 5 ataapa kwamba barabara ni nyeupe. Mrija hautanuki papo hapo. Damu huweza kuonyesha kuziba wakati mrija bado una upana wa kawaida, na jiwe dogo linaweza kuziba kidogo, likaelea, nyongo ikapita, kisha likakwama tena. Huenda mlipima wakati foleni ilikuwa bado haijaundwa. Au mama alikuwa amekunywa chai na chapati asubuhi ile. Au fomu iliandikwa "maumivu ya tumbo" peke yake, na mpimaji hakuambiwa kwamba macho ni ya njano, akapima kila kiungo kwa dakika moja moja. Hilo la mwisho najua linavyotokea, maana nimelifanya. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, jioni, foleni ya wagonjwa ikiwa nje ya mlango, nilimwandikia baba mmoja "mirija ya nyongo haijatanuka" baada ya kuuona mrija sehemu moja tu, pale juu unapotoka kwenye ini. Alikuwa amekula, tumbo limejaa hewa, na mimi nilitaka kumaliza. Akarudi siku kumi baadaye akiwa na homa ya kutetemeka. Tangu siku hiyo, nisipouona mrija naandika kwamba sijauona. Mpimaji wenu wa pili alifanya hivyo, na ningependa ujue kwamba sentensi ile iliyowakera, ya gesi, ndiyo inayonifanya niiamini karatasi yake.

Kuhusu hizo milimita. Kwa mtu mzima mrija mkuu huwa haupiti milimita 6 hivi. Umri huuongeza kidogo, na aliyewahi kuondolewa mfuko wa nyongo anaweza kufika hata 10 bila kuwa na tatizo. Mama hajafanyiwa upasuaji huo, ndiyo maana 11 yake haiwezi kusingiziwa umri. Wakati mwingine mgeni wa kazi hupima mshipa mkubwa wa damu unaoingia kwenye ini, ambao umelala nyuma ya mrija, akadhani ndio mrija. Tunatumia Dopla, sehemu ya utrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, kuvitenganisha: kwenye mshipa damu inayotembea hutoa rangi kwenye kioo, kwenye mrija wa nyongo hakuna rangi. Kama karatasi ya pili inataja pia kutanuka kwa mirija midogo ndani ya ini, shaka hiyo inaondoka.

Neno "halikuonekana" lina mtego. Mawe yakiwa ndani ya mfuko wa nyongo, utrasaundi huyakamata zaidi ya mara 95 kati ya 100, kwa sababu yamezungukwa na kimiminika na hakuna gesi. Yakishuka kwenye mrija mambo yanabadilika. Uchambuzi wa mwaka 2015 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, uliona kwamba utrasaundi ilikamata kama 73 kati ya kila wagonjwa 100 wenye jiwe kwenye mrija, tena kwa tofauti kubwa kutoka utafiti mmoja hadi mwingine. Waliobaki waliambiwa halikuonekana, na lilikuwepo. Likionekana, amini. Lisipoonekana na mrija umetanuka, endelea kulitafuta.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo nisingependa uliambiwe juu juu. Mawe ya kwenye mfuko hayafungi kesi. Watu wengi wanaishi nayo miaka na miaka bila habari, na mtu anaweza kuwa na mawe mfukoni huku kilichoziba mrija ni kitu kingine: uvimbe wa kichwa cha kongosho, saratani ya mrija wenyewe, tezi zilizovimba kwa kifua kikuu, kovu, hata mnyoo mkubwa wa tumbo aliyepotea njia. Mwaka 1890 daktari mpasuaji wa Uswisi, Courvoisier, aliandika jambo ambalo bado tunalitumia: mgonjwa akiwa njano na mfuko wake wa nyongo umevimba unashikika bila kuuma, sababu yake mara nyingi si jiwe. Mfuko uliokaa na mawe muda mrefu unakuwa na makovu na kusinyaa, hauwezi kujaa kama puto. Mfuko laini unaojaa taratibu huashiria kitu kinachobana kutoka chini polepole. Sheria hiyo ina wanaoikiuka, lakini inafaa kuulizwa. Tazama kwenye karatasi ya pili kama wameandika ukubwa wa mfuko na unene wa ukuta wake. Kisha tazama nguo za mama. Kama sketi aliyovaa Idi sasa inamdondoka, au hamu ya kula imekatika, mwambieni daktari leo. Njano yenye maumivu kidogo kwa mtu wa umri huo, ikiambatana na kukonda, haisubiri kuchangishana kwa miezi.

Sijasema ana saratani. Kwa ulivyoniandikia, jiwe lililoshuka bado linawezekana sana. Nasema tu kwamba sababu hizo mbili kwa utrasaundi ya tumboni zinaweza kufanana kabisa, na matibabu yake hayafanani.

Je, ya tatu itatosha? Mara moja zaidi, ikiandaliwa vizuri, naiona haina hasara, hasa kama MRI itachukua siku kadhaa kupatikana. Asile kwa saa 6 hadi 8, ili mfuko ujae na gesi ipungue. Maji kidogo yanaruhusiwa. Jioni iliyotangulia asile maharage wala kunywa soda. Aende asubuhi, awe wa kwanza. Kama anatumia dawa za kisukari, aulize kwanza namna ya kuzipanga, asije akazimia kwenye benchi. Fomu iandikwe wazi kwamba ana manjano na inashukiwa mrija umeziba. Mpimaji mzuri atamgeuza alale kwa ubavu wa kushoto, atamwambia avute pumzi aishikilie, pengine atamnywesha maji glasi mbili ili tumbo lijae maji na liwe dirisha la kuchungulia kongosho, na atamrudia baada ya dakika kumi gesi ikiwa imesogea. Ikishindikana hapo, msiende ya nne. Nimeona familia zikizunguka kutoka kituo hadi kituo, kila kimoja na karatasi yake, mpaka pesa ya utrasaundi sita inakaribia ya kipimo kilichotakiwa tangu mwanzo.

MRI anayoitaka daktari wenu ni ile ya mirija ya nyongo, kwenye fomu huandikwa MRCP. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio, haina mionzi, na mara nyingi haihitaji kuchomwa dawa ya picha. Uzuri wake ni kwamba kimiminika kilichotulia hung'aa cheupe, kwa hiyo mti mzima wa mirija unaonekana mpaka kwenye ncha yake, gesi ipo au haipo. Jiwe linaonekana kama tundu jeusi ndani ya weupe. CT, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, mara nyingi ina bei nafuu kuliko MRI na ni nzuri kwa kongosho na uvimbe, ila mawe mengine ya nyongo hayaonekani humo kabisa, na ina mionzi na dawa ya picha inayohitaji figo ziangaliwe kwanza. Kama daktari baada ya kumpapasa anashuku zaidi uvimbe kuliko jiwe, CT ikitangulia si kosa. Muulizeni hivyo: "Daktari, unashuku nini zaidi?" Ni swali la heshima, na jibu lake litawaambia kipimo kipi kinastahili pesa yenu.

Kuna pia ERCP, ambapo kamera inapitishwa mdomoni mpaka kwenye mlango wa mrija, na daktari anaweza kuvuta jiwe au kuacha kibomba kidogo cha kupitishia nyongo. Hiyo naiona kama tiba. Kwa kuchungulia tu haifai, kwa sababu watu kama 3 hadi 10 kati ya 100 kongosho lao huwaka na kuuma baadaye. Ndiyo maana tunataka picha nzuri kwanza. Ikiwa kizuizi kiko juu au ERCP haiwezekani, wataalamu wa radiolojia tiba wanaweza kupitisha mrija mwembamba kwenye ngozi mpaka ndani ya ini wakiongozwa na utrasaundi ileile unayoilaumu.

Usisahau damu. Bilirubini iliyogawanywa makundi mawili, vimeng'enya vya ini pamoja na ile ALP ambayo hupanda sana bomba likiziba, picha kamili ya damu, figo, na INR, kipimo cha kuganda kwa damu. Hii ya mwisho watu huipuuza. Bila nyongo utumbo haufyonzi vizuri vitamini K, na bila vitamini K damu haigandi ipasavyo. Kama mama anatoka damu kwenye fizi akipiga mswaki, au ana michubuko asiyoijua ilikotoka, aseme kabla ya mtu yeyote kumchoma au kumpasua. Sindano ya vitamini K mara nyingi hurekebisha hilo.

Na mafuta ya zeituni. Jirani anawapenda, sina shaka. Yale madonge ya kijani yanayotoka chooni baada ya kunywa mafuta na malimao yamewahi kupimwa maabara: ni mafuta yaliyogeuka aina ya sabuni tumboni. Mawe ya nyongo si hayo. Kwa mtu ambaye mrija wake uko wazi ni kuharisha tu. Kwa mama, glasi ya mafuta itaufanya mfuko ubane kwa nguvu kusukuma nyongo kwenye njia iliyofungwa, na unaweza kusukuma jiwe jingine chini. Asinywe. Mizizi na magome ya kuchemsha pia ayaweke kando, kwa sababu mengine yanaumiza ini, na kwa sasa ini lake lina mzigo wa kutosha.

Hamisheni matibabu yatoke kwenye kituo cha utrasaundi yaende kwa daktari wa upasuaji au wa mfumo wa chakula. Kwa mnakokaa, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Temeke, na wakiona inafaa watampeleka Muhimbili. Chukueni karatasi zote mbili, ile ya "kawaida" isiachwe nyumbani, maana tarehe zake zinaonyesha mrija ulivyobadilika ndani ya wiki mbili. Kama ana bima, ulizeni mapema kuhusu kibali cha MRI. Kama hana, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ipo kwa ajili hiyo, na hakuna aibu kubisha hodi.

Haya yote ni kwa mama aliyetulia. Akipata homa ya kutetemeka mpaka meno yanagongana, maumivu yakizidi ghafla au yakipenya mgongoni, akianza kutapika mfululizo, kusinzia au kuongea mambo yasiyoeleweka, hapo nyongo iliyokwama imeingia vijidudu au kongosho limewaka. Ni dharura ya usiku huohuo. Msingoje kuche, msingoje MRI, msipitie duka la dawa. Kodini bajaji, teksi, chochote kilicho karibu, na mkifika mapokezi semeni maneno haya: "Ana manjano, mrija wa nyongo umetanuka milimita 11, na sasa ana homa." Hayo yatamfungulia mlango haraka kuliko kusema anaumwa tumbo.

Ukishapata majibu ya damu niandikie, pamoja na rangi ya choo na vile walivyoandika ukubwa wa mfuko wa nyongo.